Kikombe Kisichoshika Kutu

Mwalimu alikuwa na tabia ya kukunja vijiko. Ukimkaribisha hotelini, kabla chai haijafika anachukua kijiko cha watu, anakishika kwa vidole viwili, anakibonyeza kwa dole gumba mpaka kinainama. Kisha anakiweka mezani kikiwa kimepinda, anakisukuma kando na kusema, "Hii ni karatasi." Wahudumu wa hoteli za pale Kaaga walimjua. Wakimwona anaingia, wanaondoa vijiko mezani haraka na kumletea chai iliyokwisha kukorogwa. Niliketi naye mara nyingi nikiona aibu, na mara nyingi nikicheka, maana ukweli usemwe, vile vijiko vilikuwa vibaya.

Alikuwa mwalimu wangu wa ufundi wa chuma katika shule ya sekondari, na baadaye, mimi nilipokuwa muuguzi wa wodi ya mifupa mjini Meru, akawa jirani yangu. Jina lake lipo, hata chifu analo, lakini sisi hatukulitumia. Mkewe mwenyewe, Mungu amrehemu, alimwita Mwalimu. "Huyu mtu hakunioa mimi," alituambia siku moja tukichambua maharagwe. "Alioa tupa, mimi nikaletwa niwe naipikia." Mwalimu alikuwa mlangoni akisikia yote. Alicheka, akarudi kwenye banda lake kuendelea kusugua chuma.

Darasani kazi yake ya kwanza ilikuwa ile ile kila mwaka. Unapewa kipande cha chuma na tupa, unakisugua mpaka kiwe sawa pande zote. Ukimaliza unampelekea. Anakiinua kuelekea dirishani, anakilaza rula juu yake, anafumba jicho moja. Mwanga ukipita chini ya rula hata kidogo, anakitupa dirishani, kinaangukia kwenye viazi vya shule. "Nenda ukichimbue," anakuambia. "Mwanga umepita." Nililia mbele ya viazi vile, na wavulana wakubwa kuliko mimi walilia pia. Lakini siku alipokiinua changu akanirudishia mkononi badala ya kukitupa, nilitembea mpaka nyumbani nikikishika mfukoni. Ninacho hadi leo, nazuia nacho mlango wa jikoni.

Hakuwahi kumpiga mwanafunzi kwa kuchelewa wala kwa kuiba mkate. Alisamehe karibu kila kitu. Kitu kibovu kilichopakwa rangi kikauzwa kama kizuri ndicho kilichompandisha hasira mpaka sauti inamkwama. Aliwahi kurudisha sufuria dukani mara tatu kwa ajili ya mkono uliolegea, mpaka mwenye duka akamwambia, "Mwalimu, shika hii ingine, na hiyo pia shika, nenda tu." Aliziacha zote mbili kaunta.

Na sasa mshangae. Lango la mtu huyo lilifungwa kwa kamba. Miaka yote niliyomjua, lango lake liliegemea mti na kushikiliwa na kipande cha kamba ya katani, kwa sababu hakuona bawaba dukani zinazostahili, na za kujitengenezea hakupata nafasi. Bawaba za kanisa alitengeneza yeye. Za zahanati alitengeneza yeye, bure. Majembe ya kijiji kizima alikuwa anayanoa. Kwake mbuzi waliingia walipotaka, wakala sukumawiki, wakatoka.

Kikombe alikipata mlimani. Zamani wakati wa likizo alikuwa anapandisha wanafunzi Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, na huko juu walikutana na mzungu ambaye jiko lake la kupikia lilikuwa limekataa kuwaka. Mwalimu akalifungua, akalisafisha, likawaka. Yule mzungu akamwachia kikombe chake cha chuma. Mwalimu alisema alipokishika mara ya kwanza alidhani ni plastiki iliyopakwa rangi, kilivyokuwa chepesi, na alikuwa karibu kukasirika.

Aliporudi shuleni alikifanyia mtihani. Sumaku haikukishika. Alikijaza maji ya ndimu na chumvi, akakiacha wikendi nzima, na Jumatatu kikawa vile vile, hakina doa, na maji yaliyokaa ndani hayakuwa na ladha ya chuma. Kisha akatoa kigingi cha hema kilichovunjika, cha chuma hicho hicho, alichokiokota huko mlimani, akakigusisha kwenye jiwe la mashine ya kusaga. Cheche zilizotoka zilikuwa nyeupe pepepe, si zile za machungwa tulizozoea, na darasa zima tulifunika macho. Akazima mashine. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: TITANIAMU.

"Hii haishiki kutu," alisema. "Ni nyepesi na haivunjiki ovyo. Ikiwa safi yenyewe, inakubali kukunjwa, unafanya kikombe. Ukiichanganya na alumini kidogo na vanadiamu inakuwa ngumu, unaifanya sahani ya kuunga mfupa, na mwili wa mtu unaikubali, nyama inaizoea." Akakiinua kikombe. "Aliyetengeneza hiki hakutaka kumdanganya mtu yeyote." Sijasikia mtu akisifiwa hivyo tena.

Tangu siku hiyo kikombe kilikaa mfuko wa kulia wa koti lake. Kwenye harusi, matanga, mikutano ya wazazi, chai ikija yeye anatoa kikombe chake, anakipangusa kwa leso, anakinga. Alikigonga kwa ukucha ili tusikie mlio. Alitueleza kwamba ukingo wake hauchomi mdomo hata chai ikiwa ya moto namna gani. Tukimwambia, "Basi tuonje, Mwalimu," anakirudisha mfukoni. Hakuna aliyewahi kukinywea, hata mkewe. Baadaye alipata na miwani ya chuma hicho hicho, na wageni wakija anaivua, anaiweka kwenye kiti, anaikalia makusudi, anainuka, anaivaa tena. Watoto walipiga makofi.

Watu walimcheka, naye hakujali. Kwetu ilikuwa mchezo. Tatizo ni kwamba si kila mahali ni kwetu.

Alikuwa na mtoto mmoja, kijana mpole, mrefu, mwenye mikono ya baba yake. Kijana aliendesha lori la mchanga kule Kiritiri. Mwalimu hakumsifu mtu kwa mdomo, lakini lori lile likipita nyumbani alilizunguka, akaligusagusa, akaniambia pembeni, "Nati zake zimekazwa." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, nami nilimwambia amwambie mtoto mwenyewe. "Anajua," akasema.

Huko Kiritiri kijana akapata msichana. Wakapendana, mambo yakafika mahali pa wazee kwenda kuomba. Tukafunga safari na mbuzi, asali na sukari, mimi nikiwa miongoni mwa akina mama wa kubeba vitu. Kiritiri ni kukavu. Maji ya siku ile yalikuwa yametolewa mbali kwa punda, na wenyeji walitupa ya kunawa bila kupima. Tulikaa chini ya banda la mabati. Ukaletwa uji wa mawele, ule mchachu, ndani ya kibuyu kimoja kizee kilichokuwa cheusi kwa umri. Mzee wa pale, baba ya msichana, akanywa kwanza, akampa wa kulia kwake, naye akampa mwenzake. Ndiyo desturi. Watu wakishakunywa kibuyu kimoja, maneno yanaanza.

Kibuyu kikamfikia Mwalimu. Nikaona mkono unaingia mfukoni. Woi! Nilikuwa mbali, singeweza hata kumfinya. Akatoa kikombe, akakipangusa kwa leso, akamimina uji ndani yake kwa adabu zote, akapitisha kibuyu mbele.

Yule mzee akauliza polepole, "Mwalimu, kibuyu yetu iko na nini?"

Angesema "Nisameheni, ni mazoea," yangeisha pale pale, tungecheka. Lakini alikuwa ameulizwa swali, na yeye alikuwa mwalimu. Akajibu. Akaeleza kwamba kibuyu kinanyonya, kinashika harufu, ndani kina nyufa ambazo wadudu wadogo wasioonekana wanajificha. Akaeleza kuhusu titaniamu. Akakinyoosha kikombe chake wakipime uzito, kwa furaha, jamani, yule mtu alikuwa na furaha kweli. Hakuna aliyenyoosha mkono kukipokea.

Mzee akaomba kibuyu kirudishwe kwake. Akakifunika. "Basi sisi ni watu wa wadudu," akasema.

"Sijasema hivyo, mzee wangu."

"Umesema vizuri sana. Tumeelewa."

Kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Mama mmoja wa pale alikuja akatuelekeza kwa upole mbuzi wetu walipofungwa, tuwachukue. Mbuzi wakarudi nasi kwenye gari, wakilia njia nzima mpaka Embu. Tulipokaribia mji Mwalimu akasema, "Lakini hakuna nilichosema cha uongo." Kijana akamwomba dereva asimamishe gari. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akaenda zake.

Tulimwambia arudi Kiritiri na kondoo, aombe radhi, hilo ni jambo la kawaida na watu hufanya. Mchungaji alimwambia. Mimi nilimwambia mpaka nikagombana naye. "Niombe radhi kwa sababu ya kunywa uji?" akasema. Nikamjibu, "Ndiyo, kwa sababu ya kunywa uji, Mwalimu, kuna ugumu gani?" Akachukua tupa yake. Kabla ya mvua nyingine msichana alikuwa ameolewa na mtu mwingine, na kijana akaacha lori la mchanga, akaenda Maua kuendesha pikapu za miraa, yale majani ya kutafuna.

Anayezijua pikapu hizo hahitaji kuelezwa. Mzigo lazima ufike Nairobi ungali mbichi, kwa hiyo zinakimbia kukicha na kabla ya kukicha, na barabara ni kona tupu. Mwalimu alianza kusimama kando ya njia asubuhi, amevaa koti. Alisema anatembea kwa ajili ya magoti. Lakini pikapu ikipita alikuwa anaisikiliza mpaka ipotelee bondeni. "Ile breki imekwisha," alikuwa anasema, au, "Ile afadhali." Krismasi ikaja kijana hakuja, na nyingine hakuja. Mwalimu hakumpigia simu. Kila siku alinisubiri nitoke kazini, ananiuliza, "Leo mmepokea nani?" Nilijua anauliza nini.

Siku ikafika tukampokea. Paja la kushoto lilikuwa limevunjika vibaya, na daktari aliliunga kwa sahani ndefu na skrubu. Mimi mwenyewe nilimpigia Mwalimu simu. Alifika na chupa ya uji mkononi. Alisimama mguuni mwa kitanda, na badala ya kumtazama mtoto, akaomba picha ya eksirei. Akaiinua kuelekea dirishani. Akafumba jicho moja.

"Ni titaniamu," akasema. "Iliyochanganywa. Ona ilivyokaa na mfupa, ona. Hii umewekewa kitu kizuri. Haitashika kutu, haitakusumbua, itadumu kuliko..."

"Mzee," kijana akamkatiza. "Umesifu chuma. Na mimi?"

Mwalimu akashusha picha. Nilitamani nimsukume. Maneno aliyokuwa anayatafuta hayakuwa magumu, hata mtoto wa chekechea anayo, lakini yeye hakuyapata. Basi akafanya alichoweza. Akatoa kikombe mfukoni, akakipangusa kwa leso, akafungua chupa, akamimina. Nikasikia harufu. Ulikuwa uji wa mawele, mchachu, kama ule wa Kiritiri, na alikuwa ameupika yeye mwenyewe. Akamnyooshea mwanawe kikombe ambacho hakuna mdomo mwingine uliowahi kukigusa.

Nilielewa. Najua na kijana alielewa, kwa sababu alikitazama kile kikombe muda mrefu.

"Hiyo ni yako, Mzee," akasema. "Usije ukapata wadudu." Akanigeukia. "Sista, niletee kikombe ya hospitali."

Tulikuwa na vile vikombe vyekundu vya plastiki, vilivyochubuka, na hicho chake kilikuwa kimeanza kuingia ufa ukingoni. Nilimletea maji. Akanywa, akageukia ukutani. Mwalimu akaurudisha uji ndani ya chupa polepole, asimwage hata tone. Kwenye korido akaniambia, "Imewekwa vizuri ile sahani. Skrubu zimekaa sawa zote." Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na bado anaongea habari za skrubu. Nilimshika mkono mpaka langoni.

Alikuja kila siku, uji ule ule, kikombe kile kile, na kila siku ukarudi chupani. Siku moja alifika akakuta kitanda kitupu. Kijana alikuwa ameruhusiwa jana yake na wenzake wa Maua walimchukua kwa gari. Hatukujua kwamba hakumwambia baba yake. Mwalimu alikaa kwenye godoro lisilo na shuka. Akakiona kile kikombe chekundu juu ya kabati. "Ndicho alikuwa anatumia?" Nikasema ndicho. Akakiweka mfuko wa kushoto wa koti, nami nikageuka kukunja mablanketi, kwa sababu mali ya hospitali haitoki nje na sikutaka kuiona ikitoka.

Kijana alirudi kuendesha akichechemea. Mwalimu akapata watu wa kumpelekea salamu Maua, na salamu zikajibiwa kwa heshima, salamu kwa salamu tu. Safari ya kwenda mwenyewe aliipanga na kuiahirisha, akisema subiri mguu upone kwanza, mtu mwenye maumivu hasikii.

Pikapu ilimshinda kijana kwenye kona, asubuhi, na mara hii hakuletwa wodini kwetu. Nilikwenda na Mwalimu chumba cha maiti. Mhudumu akafunua shuka, Mwalimu akatazama uso, akaitika kwa kichwa kwamba ndiye. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na ile sahani?"

Nilikasirika. Mungu anisamehe, nilikasirika sana. Lakini alikuwa ananitazama, anangoja jibu, nikauliza, na mhudumu akasema ule mguu ulikuwa mzima. Kifua ndicho kilichoumia. Mguu, mfupa na sahani, vyote vilikuwa vizima.

"Nilijua," akasema Mwalimu. "Nilijua hiyo haiwezi." Akakaa chini, sakafuni, na miwani yake ikaanguka, na kwa sababu ilikuwa nzuri haikuvunjika. Tulimwinua watu wawili.

Mwaka huu nimemtembelea. Nilikuwa nimehamishiwa Embu na nilikaa muda bila kufika Kaaga. Lango bado lilikuwa na kamba. Banda la kazi limefungwa, na tupa zimetundikwa ndani zikiwa zimeshika kutu, niliziona kwa dirisha. Alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, amekonda, koti limemwia kubwa. Alinitambua kwa sauti.

"Karibu, binti ya vyuma. Mwanga umepita?"

"Haujapita, Mwalimu."

"Vizuri. Ngoja nikupe chai."

Nilisema nitapika mimi, akakataa. Alikaa sana jikoni. Alirudi na birika, na vikombe viwili vikiwa vimening'inia kwenye kidole kimoja. Kimoja kilikuwa kile chekundu cha wodini, ufa umeshuka sasa mpaka katikati. Kingine kilikuwa cha titaniamu, kimesuguliwa, kinang'aa. Akamimina. Akachukua chekundu, akabonyeza kidole juu ya ufa, na hiki kingine akaninyooshea mimi.

Nilisita. "Mwalimu, hiki ni chako."

"Mtu anywe nacho," akasema.

Nikakipokea. Jamani, kilikuwa chepesi. Zaidi ya miaka ishirini nilisikia habari zake na sikuwahi kukishika. Chai ilikuwa inatoa moshi, nikagusisha mdomo kwa woga, na ukingo haukunichoma. Yeye aliacha kunywa ili anitazame.

"Haichomi?"

"Haichomi, Mwalimu."

"Na ladha ya chuma haina."

"Haina. Ni chai tupu."

Akaitika kwa kichwa. Chai yake ilikuwa inavuja kupitia chini ya kidole, inadondoka kwenye suruali, na hakusogea. Nilimwambia nitamletea kikombe kingine kizuri kutoka Embu, cha bati hata cha udongo. Yeye, aliyetukunjia vijiko vya mji mzima, akakikumbatia kile chekundu kifuani kwa mikono miwili.

"Hapana. Hiki kina kazi."

Mbuzi wa jirani akaingia kwa lango, akaenda moja kwa moja kwenye sukumawiki, na hakuna aliyemfukuza. Kaburi la kijana liko pale pale nyuma ya mboga, limewekwa msalaba wa chuma alioutengeneza yeye, kazi yake ya mwisho, na kona zake ukiziwekea rula mwanga haupiti.

"Angeonja mara moja tu," akasema Mwalimu, akilitazama. "Ningemwambia nini tena, kama ameshaonja mwenyewe?"

Chai yangu ilikuwa imeisha. Akainua birika, akanijazia tena bila kuuliza, akaegemea mbele kunitazama nikinywa, nami nikanywa.